Asilimia 5 ya mafuta Turkana: hiyo "jamii" inayotajwa ni nani hasa?

Katibu_Nakukulas

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Turkana Mashariki, upande wa Nakukulas, karibu na visima vya mafuta vya Ngamia na Amosing. Wazee walinifanya katibu wa kamati yetu kwa kuwa nilisoma, nami naogopa kuandika kitu kitakachowafunga wajukuu zetu. Ndiyo maana naja kwenu.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa mkutanoni chini ya mti. Tukapewa soda na mkate, na waliotoka fora, yaani kambi za mbali za mifugo, wakapewa nauli. Kabla hatujatawanyika ikazungushwa karatasi tuandike majina, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Tukaambiwa ni mahudhurio tu. Mwaka uliofuata tingatinga likaja kufungua barabara ya kambi, likapita katikati ya ekwar ya nyanya yangu, yaani bibi. Tulipokwenda kulalamika, afisa wa kontrakta mmoja akafungua faili, akatoa karatasi ile ile. "Mlikubali." Kidole gumba cha nyanya kilikuwa mstari wa tisa.

Kwa wasioijua, ekwar ni kipande cha miti kando ya mto au laga (mto wa msimu) ambacho kila mtu anajua ni cha familia fulani. Hakina hati. Mpaka ni mgunga huu hadi ile kona pale. Kiangazi kikikaza, nyanya huchukua fimbo ndefu yenye ndoano, anatikisa matawi, maganda yanamwagika na mbuzi wanayala hapo hapo chini. Mtu mwingine hatikisi bila kumwomba. Migunga kumi na mmoja iling'olewa siku ile. Kwenye fomu yao iliandikwa "vichaka".

Sasa swali. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya serikali hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya eneo 5. Mnakumbuka Bunge liliwahi kupitisha 10 kwa jamii, Rais akarudisha mswada, na baada ya mvutano mrefu, mwaka 2018 tukaambiwa ni 5. Mwaka huo huo, Juni 3, nilisimama nje ya uzio Rais Uhuru alipokuja kuaga malori ya kwanza ya mafuta. Wiki chache baadaye vijana wakafunga barabara kwa ajili ya usalama na kazi. Agosti 2019 meli ikaondoka Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000. Kisha kimya. Halafu mwaka 2025 kampuni iliyogundua mafuta 2012 ikauza kila kitu na kuondoka, wakaja wengine, na habari za kuchimba zimerudi midomoni mwa watu.

Sheria inasema jamii ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo yanakochimbwa mafuta na wanaoguswa na uchimbaji huo. Lakini sisi tunahama. Kaka yangu akivuka na ng'ombe kwenda Turkana Kusini miezi minne, amejiondoa katika jamii? Na aliyefungua duka Lokori juzi, ambaye sina ubaya naye, ana haki sawa na mwenye ekwar? Tuandike nini, na tuanzie wapi?

Mpimaji_Lodwar

Ndugu katibu, pole kwa miti ya bibi. Nimepima ardhi huku kwa muda mrefu, na karatasi za namna hiyo nimeziona nyingi kuliko ninavyopenda.

Umechanganya vitu viwili, na si kosa lako, hata wanasiasa wanavichanganya. Mafuta yaliyo chini si ya jamii wala ya kaunti. Katiba, Ibara ya 62, inayaweka madini na mafuta kwenye ardhi ya umma. Ardhi ya juu mnayochungia ndiyo ya jamii, Ibara ya 63. Hiyo 5 ni fungu kwenye kitu cha serikali. Ardhi ni yenu wenyewe.

Tena hiyo 5 si ya mafuta yote. Tuseme yametoka mapipa 100. Kampuni inajirudishia gharama kwanza, tuseme 60. Yakibaki 40, inagawana na serikali, tuseme nusu kwa nusu. Serikali imepata 20. Asilimia 5 ya hayo 20 ni pipa moja. Nimebuni hesabu ili uone njia yake, lakini njia ndiyo hiyo. Na pipa hilo haliletwi kijijini. Sheria inalipeleka kwenye mfuko wa amana wenye wadhamini, unaoundwa na serikali ya kaunti kwa kushauriana na jamii.

Kwa hiyo mimi nisingemaliza nguvu zangu kwenye 5. Ningesajili ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi isiyosajiliwa inashikwa na kaunti kwa niaba yenu, hata fidia ikilipwa inawekwa kwao mpaka msajiliwe. Mkishasajiliwa, mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi yenu lazima upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni. Hapo karatasi ya soda haina kazi tena.

Anzeni na jina la jamii, orodha ya watu wote, na maelezo ya mipaka. Msajili ataitisha mkutano wa wazi mchague kamati ya watu 7 hadi 15. Upimaji unafuata. Kwa upande wa ardhi, orodha ndiyo jibu la swali lako: mnaiandika nyinyi, na kaka yako wa fora yumo hata akiwa Turkana Kusini mwaka mzima.

Binti_Loiyangalani

Kaka, fanyeni sasa, kabla mashine hazijarudi. Nakuomba kabisa.

Huku Marsabit tuna mitambo ya upepo 365 kwenye eneo lililotolewa la ekari 150,000. Watu walikwenda mahakamani 2014. Hukumu ilitoka Meru Oktoba 2021, ikasema hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata sheria. Tulifurahi, tuliimba. Lakini mitambo ilikuwa imeshasimama na umeme ulikuwa umeshaanza kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, huko Narok. Nyaya zinapita juu, nami ninaandika haya kwa simu niliyoichaji kwa paneli ndogo ya sola. Kushinda ukiwa umechelewa kunauma kwa namna yake.

Jambo jingine, angalieni mpaka. Huku Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wote wana njia zao za maji na malisho. Mkichora mstari unaofunga njia ya jirani, mtapigana kabla hata ya mafuta. Sheria hiyo ya 2016 inatambua malisho ya wafugaji. Waiteni majirani kwenye mkutano, muandike nani anapita wapi na msimu gani.

Mzee_wa_Laga

Mimi napinga kidogo. Usajili ni mzuri, lakini ni wa miaka, na koo zinaweza kugawanyika juu ya orodha. Wakati mnabishana, wadhamini wa ule mfuko watateuliwa mjini, na mtasikia majina yao redioni. Fanyeni yote mawili pamoja. Andikeni barua kwa kaunti leo, mseme mnataka kushauriwa kama sheria inavyosema, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bila muhuri hamjaandika.

Katibu_Nakukulas

Mzee, asante, barua nimeianza usiku huu. Dada, maneno yako nimewasomea wazee, nikiwatafsiria Kiturkana. Ulipotaja Suswa mmoja wao aliomba nirudie.

Bwana mpimaji, bado jambo moja. Tulipoanza orodha, wanaume walitaka waandikwe wenye boma tu. Ekwar ile ni ya nyanya, mumewe alishafariki, na ndiye anayeijua. Wapo pia wake walioolewa kutoka koo za mbali. Wanaingia?

Mpimaji_Lodwar

Wanaingia, na usikubali kubishana. Mke aliyeolewa na mwanajamii ni mwanajamii kwa sheria hiyo hiyo, na hatolewi kwa sababu amefiwa. Mtu mzima kila mmoja na mstari wake. Theluthi mbili inahesabiwa kwa watu, haihesabiwi kwa maboma. Ukiwaacha wanawake leo, kesho mtu yeyote anaweza kusema mkutano wenu haukutimia.

Na mpaka wa ekwar muulize bibi mwenyewe. Tembea naye. Simu yako ina ramani, weka alama kila anaposimama.

Katibu_Nakukulas

Tumetembea leo asubuhi, kabla ya jua. Ana fimbo yake ile ya ndoano, anaigonga kwenye kila mgunga na kutaja nani aliutumia kabla yake. Nimejaza kurasa sita za daftari. Tulipofika barabarani alivuka, akasimama upande wa pili penye mchanga mtupu, akasema, "Hapa pia." Hakuna mti pale, ni visiki viwili tu. Niviandike?

Mpimaji_Lodwar

Viandike. Piga picha kila kisiki, bibi akiwa amesimama kando yake, na tarehe ionekane. Ukimaliza nitumie faili, nitaiweka kwenye ramani bila malipo.