Developa kumfungia mteja sosi kodi ya mfumo alioulipia: mimi napinga, tujadili

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja naisikia sana kwa developa wenzangu, eti ukimuuzia mteja mfumo wa wavuti lazima uufunge ili sosi kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, isisomeke, la sivyo kesho fundi mwingine anaukopi na kuuuza kwa bei ya kutupa. Hayo maumivu nayajua, mwaka juzi niliukuta mfumo wangu wa ada kwenye shule ambayo sijawahi kukanyaga, jina langu limefutwa ila jina la mwanangu nililojaribishia lipo vilevile kwenye orodha ya wanafunzi. Niliumia sana.

Bado napinga kufunga.

JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za wavuti, ile ya upande wa mtumiaji yote inashuka kwenye brauza yake, hata ukiibana majina yakabaki a, b, c mtu ataikunjua tu, na wengine wanasahau source map (faili linaloonyesha kodi ya asili kabla haijabanwa) humohumo kwenye seva, hapo umemkabidhi mpaka komenti zako. Ukitoa WAR ya Java (faili la mfumo wa wavuti uliokwisha fungashwa) mtu anatumia CFR, programu ya kurudisha sosi kodi, anapata karibu kila kitu, na kwa lugha ya C# ipo ILSpy inayofanya kazi hiyohiyo, na zote ni za bure. Lugha ya PHP ndo kabisa, unampa mteja maandishi matupu, ndo maana watu wanakimbilia ionCube, programu ya kufunga faili za PHP zisisomeke. Sawa, mwizi atachelewa. Ila anayekwama moja kwa moja ni mteja mwaminifu. Nimewahi kuitwa kwenye saccos moja, aliyewatengenezea mfumo hapatikani kwenye simu, toleo la PHP kwenye seva limepandishwa na faili zilizofungwa zimegoma kuwaka, wanachama wamejaa mlangoni wanauliza salio zao na mhasibu karudi kwenye daftari. Databesi niliiokoa, mfumo ikabidi uandikwe upya, wakalipa mara mbili kitu kilekile.

Ulaya hili lilifika mpaka mahakamani, kesi ya Top System dhidi ya serikali ya Ubelgiji, na Oktoba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema aliyenunua programu kihalali anaruhusiwa kuifumua, yaani kuirudisha kwenye maandishi yanayosomeka, ili arekebishe makosa yanayoizuia kufanya kazi. Hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, kwa hiyo hata ikiwa wazi bado ni mali yako na anayeikopi unamshtaki, najua kesi ni gharama na inachosha lakini haki ipo.

Mimi sasa hivi ile sehemu ninayoionea wivu naibakiza kwenye seva yangu, mteja anaitumia kwa malipo ya mwezi. Akitaka mfumo ukae kwake nampa sosi kodi yote na tunaandikishana asiisambaze.

Sasa nyie mnaofunga, ukilazwa miezi miwili na mfumo wa mteja ukagoma siku ya mishahara, nani anamfungulia? Naomba jibu la hilo kwanza.