Kubadilisha magurudumu mazito nyumbani bila kuumiza mgongo

Swali:
Ndugu zangu, gurudumu moja la gari langu, tairi na rimu pamoja, linakaribia kilo 30. Kulitoa si shida. Shida ni kulirudisha, kwani hunilazimu kulinyanyua nikiwa nimeinama huku nikilenga matundu yaingie kwenye bolti za haba, yaani kitovu ambapo gurudumu hufungwa. Je, ipo njia iliyo salama kwa mgongo?

Jibu la 1:
Usilinyanyue kabisa. Shusha jeki hadi haba ikae kwa kimo ambacho tairi litapita juu ya ardhi kwa upana wa kidole tu, kisha libingirishe gurudumu hadi mahali pake, ingiza bapa la koleo la kuchotea mchanga chini yake, weka kipande cha ubao chini ya koleo na ugandamize mpini taratibu. Bolti ya juu ikishaingia, funga nati yake kwa mkono. Zilizobaki hazina ubishi.

Jibu la 2:
Naafiki, ila jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tanguliza stendi imara ya kushikilia gari, na gari liwe mahali tambarare.

Jibu la 3:
Wengi husahau kwamba mgongo huumia hata wakati wa kulegeza nati. Zilegeze gurudumu likiwa bado chini, kwa spana yenye mpini mrefu, ukiusukuma mpini kuelekea chini kwa uzito wa mwili badala ya kuuvuta juu. Unapofunga, kaza nati kwa kupishanisha, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.