Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 umetoka Machi, msimu wa korosho ushaisha. Tukamuuzie nani?

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Sisi ni kinamama watano huku Mtwara, tunakaanga samaki na kuuza vitenge. Mtu wa kusini anajua pesa yetu inaonekana lini: minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa, hata kijiji cha mwisho unauza. Mtaji unatakiwa Septemba. Ikifika Machi hata mwenye mikorosho anakopa unga dukani.

Mkopo wa halmashauri tuliomba Juni. Ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu. Hauna riba na upo kisheria, si sadaka. Katiba ya kikundi tunayo, akaunti tunayo, barua ya mtendaji tunayo. Kwenye mfumo wa maombi mtandaoni tulijaziwa steshenari kwa hela yetu, tena mara mbili, maana jina la mwenzetu lilitofautiana na kitambulisho. Herufi moja! Julai tukaambiwa tusubiri kamati. Septemba, tusubiri. Novemba afisa hapokei simu.

Na mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima 2023, eti ipangwe upya kuzuia vikundi hewa. Tukavumilia mpaka ikarudi 2024. Kupangwa upya ndiko huku?

Mimi nilishindwa kukaa nikiangalia msimu unapita. Nikachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, 200,000, marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Bahari ikachafuka siku tatu, samaki hakuna, nikakwama. Kijana wao akaja na bodaboda, akamwaga mafuta mchangani, akalifunga karai langu la kukaangia nyuma ya pikipiki kwa mpira. Wateja wamesimama na sahani mkononi wananitazama. Lile karai nilikuwa nalo miaka sita.

Kinachoniuma zaidi, ushuru wa korosho halmashauri inaukusanya msimu huohuo, haungoji Machi. Wa meza yangu pale sokoni nadaiwa kila siku, hata nikiwa sijauza kipande. Kuchukua wanawahi!

Juzi ndiyo tumepigiwa simu, mkopo tayari, twende tukasaini mkataba. Wenzangu wawili wanataka tusaini kwa kuogopa jina litafutwa. Mimi naona tunajifunga kamba, marejesho yataanza na mfukoni hakuna kitu. Aliyewahi kuomba halmashauri imsogezee fedha mpaka Septemba aseme alijibiwaje. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa.