Mrejesho: Nyasi zangu hazikufa

Wapendwa, wiki sita zilizopita niliuliza kama nyasi zangu zilizogeuka kahawia kwa ukame zimekufa, na kama niendelee kuzinyunyizia maji kidogo kidogo kila jioni. Mlinikataza, nikawasikiliza. Asanteni sana.

Sasa namwagilia mara moja kwa wiki, alfajiri, maji ya kuzama kabisa. Nachomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikiingia sentimita 15 bila kugoma, najua yametosha. Nyasi nazikata zikiwa ndefu, sentimita 8 hivi. Aliyeniambia nivute mashina nione kama yanang'oka kirahisi alinipa moyo kweli: hayakung'oka, na kwenye kitako palikuwa bado peupe. Kumbe zilikuwa zimelala tu!

Maji machache niliyonayo huanza na miti niliyopanda mwaka huu, maana nyasi zinaweza kuamka, lakini mche ukikauka ndiyo basi. Nimeweka matandazo ya majani makavu kuuzunguka kila mmoja, bila kuligusa shina. Chini yake udongo una unyevu hata saa nane mchana.

Waridi moja nimelipoteza, na bado linaniuma. Juzi mvua imenyesha, leo nimeona vichipukizi vya kijani.