Re: Uhasibu na fedha katika shahada moja, inafaa?

Shikamooni wakubwa. Namaliza mwaka wa kwanza chuoni hapa Marekani, viza ya mwanafunzi ya F-1, na mwezi huu lazima nijaze fomu ya somo kuu. Chuo kina shahada inayounganisha uhasibu na fedha. Mshauri anasema nitapata yote mawili. Ninayeishi naye chumba kimoja anasema nitatoka sijui lolote. Nani kapita huko?

---

Marahaba mdogo wangu. Nimepita mimi.

Huyo wa chumbani mpuuze. Chukua kampuni iliyonunua mashine kwa milioni 50 taslimu, ya kutumika miaka 5. Darasa la uhasibu litakufundisha kuigawa gharama: uchakavu wa milioni 10 kila mwaka, basi faida ya mwaka huu inapungua kwa 10 tu. Ingia darasa la fedha, wanakuuliza: milioni 50 zimetoka leo, zitakazoingia miaka 5 ijayo, ukishazirudisha kwenye thamani ya sasa, zinafika 50? Mashine ni ile ile. Taarifa ya mtiririko wa fedha ilinisumbua muhula mzima mpaka nilipoyasoma haya mawili kwa pamoja. Kwenye taarifa hiyo uchakavu unajumlishwa tena kwenye faida, kwa sababu mwaka ule hakuna senti iliyotoka kwa ajili yake. Wenzangu wa fedha pekee walikariri hatua hiyo. Sisi tulijua inatoka wapi.

Ila mshauri naye hajakumalizia. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120. Leseni ya CPA, yaani ya mhasibu aliyeidhinishwa, hutolewa na jimbo, na kwa miaka mingi majimbo yamedai krediti 150, tena ndani yake kuwe na idadi fulani ya kozi za uhasibu. Sasa baadhi yanalegeza: sheria ya Ohio iliyotiwa saini Januari 2025 inakubali shahada ya kwanza pamoja na miaka 2 ya kazi. Lakini hesabu ya kozi za uhasibu bado ipo, na hapo ndipo shahada ya mchanganyiko inapokuumiza, maana kozi za fedha lazima zipishwe na kitu. Kwangu ilikatwa kozi ya ukaguzi wa hesabu. Nilikuja kugundua nimeshavaa joho! Nikarudi kuisoma jioni, huku nafanya kazi mchana, kwa pesa yangu.

Kwa hiyo chukua orodha ya kozi za shahada yako, uilinganishe na masharti ya bodi ya uhasibu ya jimbo unalotaka leseni. Tazama ukaguzi, kodi, na uhasibu wa kati sehemu zote mbili. Kama unaelekea CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, usihangaike na hili. Kule ni mitihani ya ngazi 3, na uhasibu utakusaidia sana kwenye maswali ya taarifa za fedha.

---

Naongezea la viza, dada kalisahau. Angalia namba ya programu kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo ya viza. Uhasibu na fedha kwa pamoja ni 52.0304, na haimo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati). Maana yake ukimaliza una OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ya miezi 12 basi, huna ile nyongeza ya 24. Uchanganuzi wa fedha, 30.7104, uliingizwa kwenye orodha mwaka 2022. Kuna vyuo vina kozi zinazokaribiana kabisa ila namba tofauti. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujasaini, siyo baada.

---

Asanteni sana. Nimeipitia orodha jana usiku. Kodi ipo, uhasibu wa kati upo wote. Ukaguzi umeandikwa "wa hiari", na muhula ujao saa zake zinagongana na kozi ya lazima ya hatifungani. Nimeomba kuonana na mshauri Jumatatu, nakwenda na I-20 mkononi.