DSM ya H.M.S. Severn, "Rufiji 1915": naihakiki vipi kabla ya kununua, na historia ya mwenyewe naipata wapi?

Nanga_Mbili:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaozifahamu nishani za ushujaa za jeshi la maji la Uingereza.

Inauzwa DSM (Distinguished Service Medal, nishani ya ushujaa ya mabaharia wasio maofisa) ya enzi ya mfalme George V, pamoja na nishani mbili za kushiriki vita vya kwanza vya dunia: 1914-15 Star na British War Medal. Victory Medal, inayokwenda pamoja nazo, haipo. Ukingoni mwa DSM kuna namba inayoanza na J, jina, kisha A.B. (Able Seaman, cheo cha baharia) na jina la meli, H.M.S. Severn. Utepe unaonekana mpya kabisa. Muuzaji anasema ilitolewa kwa vita vya delta ya Rufiji dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Ametuma picha tatu: mbele, nyuma na kipande kimoja cha ukingo. Karatasi hakuna hata moja.

Nataka kujua mambo mawili. Nitajuaje kwamba jina la ukingoni ndilo lililogongwa tangu mwanzo? Na baharia huyu alifanya nini hasa hadi akatunukiwa, habari hiyo iko wapi? Jina lake nimelitafuta kwenye tovuti ya London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, halitoki.

Ukingo36:

Kipande kimoja cha ukingo hakitoshi. Mwombe muuzaji picha sita hadi nane akiizungusha nishani kidogo kidogo, na taa aiweke ubavuni. Taa ikiwa juu hufuta mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo unayoitafuta.

DSM ni ya fedha, kipenyo chake milimita 36. Mtu anayetaka kuondoa jina la zamani na kuweka lingine hana budi kula fedha ya ukingo kwa tupa au mashine, na fedha iliyoliwa hairudi. Kwa hiyo pima kwa kalipa ya vernia (kipimio chenye taya mbili): kushoto kwenda kulia, kisha mshazari mara mbili, mwisho juu kwenda chini ukikwepa pale kishikio cha utepe kinapobana. Vipimo vikitofautiana kwa karibu nusu milimita, simama hapo. Wengine husugua sehemu ya jina peke yake, hivyo kipenyo kinakuwa sawa upande mmoja na kupungua mwingine. Ndiyo maana kipimo kimoja hakina maana.

Baada ya hapo chukua lenzi ya kukuza mara 10. Herufi za DSM za vita vya kwanza zimegongwa kwa chuma. Herufi iliyogongwa ina sakafu bapa, na fedha iliyosukumwa imeinuka kidogo pembeni yake. Iliyochongwa kwa mkono ina mfereji wa umbo la V unaong'aa ndani, na ncha zake huchomoza kama mkia. Angalia pia pembe za ukingo. Nishani ambayo haijaguswa ina pembe kali. Tupa huziviringisha, na ule mzingo ulioinuka kuzunguka sura ya mfalme unakuwa mwembamba upande mmoja.

Nakala ya kumiminwa ni tatizo tofauti, usiichanganye na hili. Anayetengeneza kalibu kutokana na nishani halisi hupata nakala ndogo kuliko mama yake, kwa sababu fedha husinyaa ikipoa. Hapo kipenyo kimepungua pande zote kwa usawa, vishimo vidogo vimetapakaa, na maandishi FOR DISTINGUISHED SERVICE upande wa nyuma yamefifia. Iliyofutwa jina ina sura kali na ukingo mgonjwa. Ya kumiminwa imefifia kila mahali.

Utepe mpya usikusumbue. Utepe ulichakaa na kubadilishwa, na wa DSM, buluu iliyokoza wenye mistari miwili myeupe katikati, bado unapatikana. Utepe wa zamani nao hauthibitishi kitu, kwani mtu anaweza kuuvisha nishani yoyote. Muuzaji akisisitiza kuwa utepe ni wa 1915, umulike kwa taa ya urujuanimno gizani. Weupe ukiwaka kwa buluu kali, nyuzi zina dawa ya kung'arisha ambayo viwandani ilienea baadaye sana.

Rejista_ya_Kew:

Ukingo kauzungumza vizuri Ukingo36, nami nishike karatasi.

Jina kutotokea kwenye Gazette ni jambo la kawaida. Kurasa zilisomwa kwa mashine, na wino wa 1915 ukivuja, J inakuwa I, 5 inakuwa S, na jina la ukoo linakatika mwisho wa mstari. Acha kutafuta kwa jina, tafuta kwa tarehe, kisha soma kwa macho. Tunuku za Rufiji zilitangazwa Desemba 1915 pamoja na ripoti ya Admirali King-Hall, mkuu wa meli za Uingereza katika vita hivyo, miezi mitano baada ya tukio lenyewe. Na ujue kwamba nyongeza za Gazette huwa na tarehe mbili: ya toleo zinalofuata na ya siku zilipochapishwa. Ukikuta orodha mbili zinapishana kwa siku moja, huenda zote ziko sahihi.

Kwenye orodha utaona cheo, jina, namba ya utumishi na kifupi cha bandari: Po. ni Portsmouth, Ch. ni Chatham, Dev. ni Devonport. Mkamate mtu wako kwa namba. Majina yanafanana mno.

Namba yenyewe inasema. Tangu 1908, J ni mabaharia wa sitaha na wa ishara, K ni wachochea moto wa boila, M ni mafundi na kada nyingine kama wauguzi, L ni wapishi na watumishi wa maofisa. Wengi walioingia kabla ya hapo hawana herufi. A.B. mwenye J anaingia akilini, A.B. mwenye K angenifanya niuchunguze ukingo upya. Kwa DSM za vita vya pili utakuta X imeongezwa, na herufi ya bandari imetangulia: C/JX, P/KX, D/MX. LT/JX ni wale wa meli za doria waliosajiliwa Lowestoft. Nyingi za vita vya pili hazina jina la meli ukingoni, kwa hiyo bila namba huna pa kuanzia.

Halafu fungua ADM 188 (daftari za utumishi wa mabaharia) ya The National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew. Ukurasa mmoja unabeba maisha yote ya utumishi: tarehe na mahali pa kuzaliwa, kila meli na tarehe zake, tabia (V.G., yaani Very Good, ndiyo alama ya juu), na mara nyingi tunuku zimeandikwa pembeni. Hapa ndipo wengi wanapotea. Pembroke, Victory na Vivid si safari za baharini, ni kambi za nchi kavu za Chatham, Portsmouth na Devonport. Wa nyambizi utamkuta chini ya Dolphin au Maidstone, na wa manowari ndogo chini ya meli mama, maana mishahara yao iliandikwa kwenye vitabu vya hiyo kubwa. Jina la chombo chenyewe, kama lipo, liko kwenye mabano madogo kando. Ukilipita hilo bano, umeandika historia ya mtu mwingine.

Sasa neno ninalolitilia mkazo kuliko yote: meli si tukio. Severn ilikuwa pwani ya Ubelgiji Oktoba 1914 ikiyapiga majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa nchi kavu. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 ikawa Rufiji na meli mwenzake Mersey. Mwaka 1916 ilikuwa bado mwambao huu huu, katika operesheni za kuitwaa miji ya pwani. DSM yenye H.M.S. Severn inaweza kuwa ya lolote kati ya hayo. Wauzaji huchagua Königsberg kwa sababu ndilo jina linalovuta wanunuzi. Kichwa cha habari kilicho juu ya orodha ya Gazette ndicho kinachoamua.

Kuhusu alichofanya: Gazette ya wakati ule mara nyingi haisemi lolote juu ya baharia mmoja mmoja. Mapendekezo ya tunuku yaliyosalia yako kwenye mafaili mengine ya Kew, ADM 1, ADM 116 na ADM 137, lakini mengi ya vita vya kwanza hayapo tena. Kinachobaki ni kitabu cha safari cha meli, ADM 53. Hakitaji A.B. kwa jina, ila kinatoa saa, mahali na mizinga. Ukikisoma pamoja na ripoti ya King-Hall unaona hali waliyokuwamo: tarehe 6 Mersey ilipigwa na watu wakafa kwenye mzinga wa mbele, tarehe 11 ndege iliyokuwa ikielekeza mizinga iliangushwa, na Cull na Arnold, maofisa waliokuwa ndani yake, waliendelea kutuma masahihisho hadi wakatua mtoni. Wote wawili walipata DSO, tunuku ya maofisa.

Pwani_1916:

Kwa ufupi kuhusu Victory Medal. Kila aliyestahili 1914-15 Star alistahili pia British War Medal na Victory Medal, kwa hiyo hiyo iliyokosekana imepotea tu. Orodha ya nishani, ADM 171, itakuonyesha alipewa zipi na alikabidhiwa nani. Linganisha namba na herufi za jina kwenye zote tatu. Mtindo wa herufi utatofautiana, maana Star imeandikwa mgongoni na nyingine ukingoni. Cheo pia kinaweza kupishana kwa kuwa ziliandikwa nyakati tofauti. Namba ndiyo isiyotakiwa kupishana.

Una bahati kwamba seti yako ina majina. Star za vita vya pili hazikuandikwa, na mtu yeyote anaweza kuzipanga nne pembeni mwa DSM halisi akaziita seti ya familia. DSC (Distinguished Service Cross, msalaba wa ushujaa wa maofisa) ni hatari zaidi: ilitolewa bila jina. Hapo unategemea alama za sonara na herufi ya mwaka, na kuanzia 1940 mwaka uliochongwa nyuma, kwenye mkono wa chini wa msalaba. Mwaka huo ukiwa baada ya tarehe ya Gazette ya ofisa anayetajwa, una sababu ya kushuku kama msalaba ni wake.

Anayetafuta DSM za shambulio la bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji (23 Aprili 1918), asikose kusoma ADM 188 hadi mstari wa mwisho. Baadhi ya VC (Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa) za siku ile zilitolewa kwa kura ya wapiganaji wenyewe, na aliyeshiriki kura huandikiwa hivyo kwenye rekodi yake. Ni maneno machache, ila kwa mtu wa utafiti ni hazina.

Nanga_Mbili:

Ahsanteni sana. Muuzaji amepima: 36.0, 36.0, 35.9 na 36.0. Herufi zina sakafu bapa. Namba inalingana kwenye zote tatu. Nimepata ukurasa wa ADM 188: Star aliistahili kwenye meli nyingine, na aliingia Severn Machi 1916. DSM imeandikwa pembeni bila tarehe. Sasa nifanyeje?

Rejista_ya_Kew:

Basi nishani ni halisi na maelezo ya muuzaji si sahihi. Machi 1916 Königsberg ilikuwa imeshalala mtoni miezi minane. Mpelekee muuzaji nakala ya ukurasa huo na umwombe arekebishe maelezo kabla ya mnada, kwani bei ya Rufiji haiihusu nishani hii.

Kwenye Gazette ruka 1915 kabisa. Anza nusu ya pili ya 1916, endelea hadi mwisho wa 1917, ukisoma kila orodha yenye kichwa cha Afrika Mashariki. Hakikisha pia tarehe aliyotoka Severn: kama aliondoka mapema, dirisha linapungua. Kwenye ADM 53 omba kwanza vitabu vya Juni hadi Septemba 1916. Bagamoyo ilitwaliwa Agosti.

Ukingo36:

Tofauti ya 0.1 ni ya kalipa, usiwe na wasiwasi. Ukiinunua usiing'arishe. Kila ukisugua, fedha inatoka, na baada ya miaka mtu atapima ukingo wako akushuku wewe. Iweke kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na mpira na kitambaa cha sufu, vyote hutoa salfa inayoitia fedha weusi. Mifuko laini ya PVC nayo iepuke, huacha utando wa kijani unaonata. Mguso wako uwe wa ukingo tu, na glavu za pamba.

Pwani_1916:

Ukipata orodha ya Gazette, weka hapa tarehe na ukurasa. Wengine wa Severn wa mwaka ule watakuwa kwenye orodha hiyo hiyo, na ADM 188 zao zikisomwa pamoja zitaonyesha kama walikuwa kikosi kimoja kilichoteremshwa pwani au watu wa mizinga waliobaki melini.