Nimonia ya kupatia ICU, bili alipe nani?

Chungu_Kipya: Wakuu, mtu kaingia ICU (wodi ya mahututi) kwa ajali ya kichwa, mapafu mazima kabisa, siku ya nne yuko kwenye mashine ya kupumulia mnaambiwa ana nimonia. Wenyewe wanasema ikianza saa 48 au zaidi tangu alazwe basi hakuja nayo, kaipatia humohumo. Siku zinaongezeka, antibayotiki zile kali za mshipa, vipimo juu ya vipimo, na bili yote inaenda kwa ndugu. Mi nasema gharama ya hiyo nimonia ibebwe na hospitali, maana ukichungulia manesi wenyewe wako bize na simu.

BundiWaUsiku: Umeandika vizuri mpaka ulipofika kwenye simu. ICU nesi anatakiwa awe na mgonjwa mmoja au wawili, sie usiku tunakuwa nao wanne, kila mmoja ageuzwe, afyonzwe makohozi, apigwe mswaki, kitanda kiinuliwe kichwani nyuzi 30 mpaka 45, presha ya puto linaloshikilia bomba la kupumulia kooni ichekiwe, alafu wewe umechungulia dakika moja ushapata stori.

MtiPori: Pole dada Bundi ila simu nazo zina wadudu. Daktari mmoja wa zamani, Semmelweis, aliwaambia madaktari wenzie Vienna wanawe mikono, 1847 hiyo, wakamuona mkorofi.

BundiWaUsiku: Nani kakwambia sinawi??

Sikujui: Jamani hela. Marekani Medicare, bima ya afya ya serikali hasa ya wazee, tangu 2008 wana orodha ya madhara ya hospitalini ambayo hawayalipii nyongeza, vidonda vya kulalia vimo, maambukizi ya mpira wa mkojo yamo, nimonia ya mashine waliijadili wakaiacha. Kwa sababu kuithibitisha ni shughuli, maji kwenye mapafu au pafu lililopondeka kwenye eksirei vinafanana nayo. Ukianza kuwatoza hospitali, nimonia zitapungua kwenye mafaili, kwenye mapafu zitabaki palepale.

Chungu_Kipya: Kwa hiyo unakubali wanadanganya kwenye mafaili.

Sikujui: Ndo ulichosoma hicho tu?

MtiPori: Na bomba lenyewe ndo njia, mgonjwa hawezi kukohoa, mate yenye wadudu yanapenya pembeni ya puto taratibu yanashuka. Unaweza kunawa mpaka ngozi itoke na bado bakteria kama Pseudomonas akapita. Kinachosaidia zaidi ni kumtoa mtu kwenye mashine mapema.

BundiWaUsiku: Asante. Chungu bado hujaomba radhi.

Chungu_Kipya: Nilisema baadhi ya manesi.

BundiWaUsiku: Hukusema baadhi, panda juu kasome.

Sikujui: Basi simu zipigwe marufuku ICU, za ndugu nazo, tuyamalize.

Chungu_Kipya: Naunga mkono.

BundiWaUsiku: Na za madaktari? Maana huyo wa kuamua kama leo tupunguze dawa za usingizi tumjaribu mgonjwa bila mashine, saa tisa usiku tunampata kwa simu hiyohiyo mnayotaka kunipokonya.